Matope ya Mikoko na Sumu ya Zebaki

Somo la mwezi huu lahusu matope. Mwalimu asome kwanza Mwanzo 2:15, ndipo afundishe haya.

1. Mikoko ni ghala. Penye milango ya mto Rufiji mikoko yaenea makumi elfu ya hekta. Majani na mizizi yake huzama matopeni, wala haiozi upesi, maana huko chini hakuna hewa. Hivyo kaboni, ambayo ikiwa angani huongeza joto la dunia, hukaa matopeni miaka mamia.

2. Ghala hupokea na sumu. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kushika dhahabu. Wakiichoma, mvuke wake huchukuliwa na upepo mbali sana. Mabaki huteremka na mito. Ikifika penye mikoko hushikamana na matope, na humo vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya namna nyingine, iliyo mbaya zaidi. Samaki mdogo huipata katika chakula chake, samaki mkubwa humla mdogo, na sumu huzidi kila hatua. Kwa hiyo papa huwa nayo nyingi kuliko dagaa.

3. Ushuhuda wa Minamata. Katika mji huo wa Ujapani kiwanda kilimwaga zebaki baharini tangu mwaka 1932 hata 1968. Ugonjwa ulijulikana rasmi mwaka 1956. Watu walitetemeka, wengine wakapofuka. Tena mama walioonekana wazima walizaa watoto walioharibika ubongo. Ndiyo sababu mapatano ya mataifa ya kupunguza zebaki, ya mwaka 2013, yaliitwa kwa jina la Minamata.

4. Yatupasa nini? Akataye mikoko na kuchimbua matope afungua ghala: kaboni hurudi angani, na sumu iliyolala yaweza kuamka. Basi tuitunze. Lakini mikoko huishika sumu, haiiui. Lazima izuiwe huko inakotoka. Mchimbaji asichome zebaki nyumbani wala karibu na watoto, naye atafute njia ya kupata dhahabu pasipo zebaki. Mama mjamzito asiache samaki, ila achague wadogo kuliko papa. Aliye juu mtoni ni jirani wa aliye pwani, hata wasipoonana kamwe.

Maswali ya kuulizana:
Kwa nini kaboni hukaa matopeni?
Sumu hufikaje mezani petu?
Nani jirani yetu aliye chini ya mto?