Kabla Hujamtaja Mshindi, Uliza Watapigania Wapi

Mashabiki wengi wa MMA hutabiri kwa vipande vifupi vya video. Jamaa anazima watu kwa ngumi moja, basi huyo ndiye mshindi, mkeka unawekwa. Ukienda hivyo utapatia mara mbili tatu, kisha utaliwa. Vipande hivyo humwonyesha mpiganaji mambo yakimnyookea. Havikuonyeshi anafanya nini akiwa amelaliwa chini, au amebanwa kwenye uzio na pumzi zimekata.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe nani mkali. Uliza pambano litapiganiwa wapi, na kati ya hao wawili nani ana uwezo wa kuamua hilo: wasimame wakitupiana ngumi na mateke, washikane uziani, au waende chini.

Mtazame Francis Ngannou wa Kameruni. Januari 2018 aliingia ulingoni Boston akiwa ametoka kumzima Alistair Overeem katika raundi ya kwanza, na wengi waliamini bingwa Stipe Miocic angefuata. Miocic alikwepa dhoruba ya mwanzo, akaanza kumwangusha, akamlalia, akamchosha, na baada ya raundi tano majaji wote watatu wakampa ushindi. Ngannou hakuwa amepoteza nguvu zake. Alikosa tu pa kuzitumia.

Waliporudiana Las Vegas Machi 2021, aliyeshikilia kanda ya Boston alikuwa na kila sababu ya kumchagua Miocic tena. Safari hii Miocic alipojaribu kumwangusha, Ngannou alizuia, akamzunguka na kumwadhibu kwa ngumi. Raundi ya pili ikawa nokauti. Na Januari 2022, huku goti likiwa na jeraha, alimshinda Ciryl Gane kwa pointi kwa kutumia mieleka, yeye aliyejulikana kwa ngumi tu! Kanda ya miaka mitatu nyuma ni historia ya mtu huyo, si picha yake ya leo. Anza na mapambano yake mawili au matatu ya karibuni, uyatazame mazima. Usihesabu tu ameangushwa mara ngapi. Angalia anatumia muda gani kuinuka. Anayeangushwa mara tano na kunyanyuka papo hapo ana nafuu kuliko aliyeangushwa mara moja akabaki chini dakika tatu.

Halafu pumzi. Pambano la kawaida ni raundi tatu za dakika tano tano, la ubingwa ni tano. Kijana anayemaliza kazi zake zote raundi ya kwanza hajakuambia chochote kuhusu raundi ya nne. Na usipuuze mji pambano linapofanyika. Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Juni 2015 Cain Velasquez, aliyesifika kwa mapafu yasiyochoka, alichoka huko mbele ya Fabrício Werdum, akakabwa koo katika raundi ya tatu. Werdum alikuwa ametangulia mapema kwenda kuzoea hewa ya mwinuko. Habari hiyo ilikuwa wazi kabla ya pambano kwa yeyote aliyejali kuisoma.

Uzito hupimwa siku moja kabla. Kwa mapambano ya Las Vegas, kwetu huwa Ijumaa jioni. Subiri hadi hapo. Aliyepanda mizani mashavu yamebonyea na miguu inatetemeka, au aliyeshindwa kabisa kufikisha uzito, anastahili kupunguziwa alama.

Wapiganaji wapya waliosajiliwa ndio wagumu zaidi. UFC, shirika kubwa la MMA, huwapata wengi kupitia Contender Series, kipindi kilichoanza 2017, ambako kushinda peke yake hakukuhakikishii mkataba. Ni lazima umvutie Dana White, mkuu wa UFC. Maana yake wanaopita mara nyingi ni wale wanaojua kushambulia kwa fujo, na hilo halikuambii kama wanajua kujilinda. Ukiona rekodi ya ushindi 10 bila kupoteza, fungua rekodi za hao kumi walioshindwa. Kama nao wengi hupoteza kuliko kushinda, rekodi hiyo ni nyepesi. Dricus du Plessis wa Afrika Kusini aliingia UFC mwaka 2020 akiwa ameshinda 14 na kupoteza 2. Lakini alikuwa ameshika mikanda ya madaraja mawili ya uzito katika EFC ya kwao, na alikwenda Ulaya kupigana na Roberto Soldić mara mbili, akashinda moja Poland na kupoteza moja London. Mimi huwaamini zaidi watu wa namna hiyo. Januari 2024 alikuwa bingwa wa uzito wa kati. Alex Pereira naye alisajiliwa 2021 akiwa na mapambano machache mno ya MMA, ila nyuma yake kulikuwa na ubingwa wa kikboksi na ushindi mara mbili humo juu ya Israel Adesanya, aliyekuwa bingwa wa UFC Pereira aliposajiliwa. Aliyesoma rekodi ya MMA pekee alimdharau.

Ukishapima hayo, usiandike jina tu. Andika na asilimia: Usman 70, Edwards 30. Agosti 2022 Kamaru Usman alikuwa mbele kwa pointi, raundi ya tano ikielekea ukingoni, chini ya dakika moja imebaki, Leon Edwards akamzima kwa teke la kichwa. Aliyeandika 70 kwa 30 hakuwa mjinga usiku ule. Aliyeandika 100 ndiye wa kujiuliza. Weka daftari. Baada ya mwaka, yakusanye yote uliyoyapa 70: yakitimia kama saba katika kila kumi, jicho lako liko sawa. Yakitimia matano, umekuwa ukitabiri kwa mapenzi, na kwa kawaida utakuta mengi ya hayo ni ya mpiganaji mmoja unayemshabikia.