Kompyuta kuukuu: Je, kubadili prosesa kunalipa?

Chukua mfano wa mwenye steshenari katika mji mdogo kama Kimamba, wilayani Kilosa. Ana kompyuta moja ya mezani, Dell OptiPlex 790, aina iliyotoka mwaka 2011, aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ndani yake mna prosesa ya Core i3-2100, memori ya GB 4 na diski ya kawaida ya kuzunguka. Asubuhi akiiwasha, chai ya rangi hunyweka ikaisha kabla mashine haijawa tayari kupokea kazi. Msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB unapofika, vijana hupanga foleni mlangoni na bahasha zao za vyeti. Wengine wanataka cheti cha kuzaliwa cha RITA, wengine wanatafuta kazi kupitia Ajira Portal. Anayechoka kusubiri huondoka na pesa yake.

Fundi wa mjini Morogoro anampa ushauri: toa hiyo i3, weka i7, mashine itakimbia. Fedha anayotakiwa kulipa ndiyo hiyo hiyo iliyotengwa kwa rimu za karatasi na wino wa printa. Akikosea, atakuwa na prosesa nzuri na hana karatasi ya kuchapia.

Fundi hadanganyi. Mazabodi ya mashine hiyo ina soketi ya aina ya 1155, na Core i7-2600, iliyotoka mwaka huo huo wa 2011, inaingia pale pale ilipokuwa i3. Core i3-2100 ina viini viwili na kasi ya gigahezi 3.1, wakati i7-2600 ina viini vinne na kasi ya gigahezi 3.4. Kwa kazi inayoweza kugawanywa kwenye viini vyote, ya pili huipita ya kwanza zaidi ya maradufu. Lakini swali la kibiashara ni jingine kabisa: katika dakika zile ambazo mteja anasubiri, je, kinachosubiriwa ni prosesa?

Wakazi wa Kimamba, ambako mkonge umelimwa tangu enzi za wakoloni, hawahitaji kitabu kulielewa jambo hili. Katika kiwanda cha mkonge, mashine inayosaga majani na kutoa singa huitwa korona. Majani hukatwa shambani kwa mkono, hufungwa, husombwa kwa trela na kulishwa kwenye korona, na singa zikitoka huanikwa juani. Katika uzito wa jani bichi, singa ni kama asilimia 4 tu, kwa hiyo mzigo wa kusomba ni mkubwa mno ukilinganisha na kinachouzwa. Meneja akiagiza korona yenye nguvu maradufu ilhali trela ni zile zile mbili na trekta moja ni bovu, singa zitakazoanikwa jioni hazitaongezeka hata kilo moja. Korona mpya itasaga upesi, kisha itakaa ikingoja majani. Hata akiongeza trela, huenda akakuta maji ya kuoshea hayatoshi, au nyaya za kuanikia zimejaa.

Kompyuta nayo ina shamba lake, trela zake na korona yake. Diski ndilo shamba, maana ndiko programu na mafaili yanakokaa. Memori ni uwanja wa karibu na mashine ambako mzigo hushushwa. Prosesa ndiyo korona. Diski ya kuzunguka yenye mizunguko 7,200 kwa dakika huweza kutafuta na kusoma vipande vidogo vilivyotawanyika kama mia moja hivi kwa sekunde, kwa sababu kichwa chake husogezwa kama sindano ya santuri. Diski ya SSD haina kinachozunguka, na husoma vipande vya namna hiyo kwa maelfu mengi kwa sekunde. Windows inapoamka asubuhi husoma vipande vidogo vingi sana. Hapo ndipo chai inapoishia.

Memori ikiwa ndogo mambo huwa mabaya zaidi. Mwenye duka akifungua kurasa kadhaa za intaneti na barua mbili za Word, GB 4 hujaa, na mashine huanza kuhamishia mzigo kwenye diski ile ile iliyo nzito, kisha kuurudisha tena.

Gene Amdahl, mhandisi wa kampuni ya IBM, aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1967, na kanuni hiyo mpaka leo inajulikana kwa jina lake. Faida ya kuongeza kasi ya sehemu moja ya kazi huwekewa mpaka na sehemu zilizobaki. Kama prosesa inachukua moja ya kumi ya muda wa kazi, basi hata ikipatikana prosesa isiyotumia muda wowote, kazi itapungua kwa moja ya kumi tu.

Sasa hesabu ya dukani. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila mwenye duka aweke zake. Mteja mmoja anahudumiwa kwa dakika 20. Kati ya hizo, dakika 9 ni za mteja kutafuta namba zake na mhudumu kuchapa, dakika 5 ni za kusubiri mtandao wa simu, dakika 4 ni za diski kufungua programu na kuhifadhi, na dakika 2 ni za prosesa yenyewe. Kwa siku ya saa 10 za kazi, yaani dakika 600, wanahudumiwa watu 30.

Prosesa mpya yenye kasi maradufu itapunguza dakika 2 kuwa 1. Mteja atatumia dakika 19, na siku itahudumia watu 31. Diski ya SSD, ikipunguza dakika 4 kuwa 1, itamfanya mteja atumie dakika 17, na siku itahudumia watu 35. Kama kila mteja analipa sh. 2,000, prosesa imeleta nyongeza ya sh. 2,000 kwa siku na diski sh. 10,000, kabla ya kutoa karatasi na umeme. Ikiwa prosesa pamoja na fundi na nauli ya kupeleka mashine Morogoro ni sh. 100,000, fedha hiyo itarudi baada ya siku 50. Ikiwa diski pamoja na kazi ya kuhamisha mafaili ni sh. 90,000, itarudi kwa siku 9.

Hizo ni siku za foleni, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Dakika iliyookolewa huleta pesa pale tu ambapo kuna mteja mwingine nyuma anayesubiri. Katika wiki zisizo na msimu, steshenari ikipokea watu 8 kwa siku nzima, kasi yoyote ile haitaleta mtu wa tisa. Siku 9 za foleni zinapatikana ndani ya msimu mmoja wa maombi. Siku 50 ni shida kupatikana kwa mwaka, na mashine ya mwaka 2011 haina ahadi ya miaka mingi mbele.

Kujua ni sehemu gani inayochelewesha hakuhitaji fundi. Wakati mashine imezubaa, na si wakati imetulia, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Windows itafungua Task Manager, yenye safu za asilimia kwa prosesa, memori na diski. Diski ikiwa imeganda kwenye 100 na prosesa iko kwenye 15, jibu limeshapatikana. Memori ikiwa juu ya 90, ongeza memori kwanza. Zote zikiwa chini na ukurasa bado haufunguki, kosa ni la mtandao, na pengine kuweka laini ya kampuni nyingine ya simu kutasaidia kuliko chochote kinachouzwa Kariakoo. Ni pale tu prosesa inapokaa karibu na 100 kwa muda mrefu ndipo ushauri wa yule fundi unapopata uzito. Hata hapo, ni vema kutazama kwanza ni programu gani inayoila, maana virusi navyo hula prosesa.

Wapo ambao kwao prosesa inalipa. Mpiga video za harusi wa Kilosa au Mikumi, akimaliza kuunganisha picha, huiachia mashine kazi ya kutengeneza faili la mwisho. Kazi hiyo hutumia viini vyote, hukaa kwenye 100 kwa saa nyingi, na haisubiri mtu wala mtandao. Kama i3 ilikesha usiku kucha, i7 yaweza kumaliza kabla ya usiku wa manane, na video ya pili ikaanza. Kwake yeye, hesabu iliyoonyeshwa hapo juu inageuka, kwani sehemu kubwa ya muda ni ya prosesa. Hata hivyo akumbuke kwamba i3-2100 imepangiwa wati 65 na i7-2600 wati 95, hivyo feni na kipoza joto cha zamani vikaguliwe kabla ya kuibebesha mzigo wa usiku mzima.

Swali hili si geni. Tanzania iliwahi kuumwa mapema na kompyuta: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, baada ya hasara iliyotokana na kuhamishia hesabu za Wizara ya Fedha kwenye mashine. Marufuku hayo yalipokwisha na ofisi zikajaa mashine za 486, kampuni ya Intel yenyewe ilikuwa ikiuza prosesa za kubadilishia zilizoitwa OverDrive. Mwaka 1995 ilitoa Pentium OverDrive kwa ajili ya mashine za 486. Prosesa ilikuwa ya kizazi kipya, lakini njia ya kupitisha mzigo kwenye mazabodi ya 486 ilikuwa ya biti 32, wakati Pentium yenyewe ilitengenezewa njia ya biti 64. Korona mpya, trela za zamani. 

Lipo jambo jingine ambalo katika miaka ile halikuwa na uzito kama lilionao sasa. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 iliyotoka mwaka 2021 huzikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Core i7-2600 ni ya kizazi cha pili, kwa hiyo mwenye duka atakuwa ametoa laki moja na kubaki nje ya mlango ule ule. Hili si la kupuuzwa na mtu ambaye siku nzima anaingiza namba za NIDA na nywila za watoto wa watu. Anaweza kuweka Linux Mint, ambayo ni ya bure na haina masharti hayo, ila ahakikishe kwanza kuwa printa na skana yake zinafanya kazi nayo. Ama akusanye fedha polepole kwa ajili ya mashine nyingine.

Akienda kununua hiyo nyingine, asinunue jina. Wauzaji hupenda kutamka “i7” kwa sauti kubwa na kunyamaza kuhusu tarakimu zinazofuata, na humo ndimo thamani ilimojificha. Katika i7-2600, ile 2 ya mwanzo inaonyesha kizazi cha pili. Katika i5-8500, ile 8 inaonyesha kizazi cha nane. Core i3-8100 ya mwaka 2017, yenye jina la chini, ina viini vinne na haipitwi na i7-2600 katika kazi za ofisi. Diski ya SSD iliyonunuliwa leo kwa mashine ya zamani inaweza kuhamishiwa katika hiyo mpya. Prosesa ya soketi 1155 haihamishiki, itakufa na mazabodi yake.

Kwa atakayeamua kubadili prosesa baada ya kupima, aombe kuonyeshwa namba iliyochongwa juu ya prosesa kabla ya kulipa, na ailinganishe na orodha ya mazabodi yake. Sindano 1,155 za soketi zipo kwenye mazabodi, ni laini kama nywele, na moja ikipinda mashine yaweza isiwake tena. Grisi ya joto iwe mpya, ya zamani ifutwe. Mafaili ya wateja yanakiliwe kwanza kwenye flashi. Na ile i3 inayotolewa irudi mkononi mwa mwenyewe, kwa sababu ya pili isipokubali, hiyo ndiyo itakayofungua duka kesho yake.