SOMO LA WIKI: Skripti ya bei inapokataa kuanza

Mfanyabiashara anayefuatilia bei za mahindi, ufuta au hisa hawezi kungoja hadi mchana ndipo apate taarifa zake. Wapo wanaozikusanya kwa skripti, yaani faili fupi yenye amri ambazo kompyuta ya Linux huzitekeleza moja baada ya nyingine. Siku skripti ikigoma, mwenye biashara humtafuta fundi huku soko limeshafunguliwa.

Kabla ya kumlipa fundi, msomaji asome kwanza ujumbe ulioandikwa kwenye skrini. Kila ujumbe una sababu yake. Tuchukue mfano wa skripti iitwayo bei.sh.

1. "command not found". Kompyuta haikuiona skripti. Linux hutafuta programu katika saraka maalumu tu, na kwa kawaida saraka uliyomo si mojawapo. Andika ./bei.sh badala ya bei.sh. Lakini ujumbe huo ukitaja namba ya mstari, skripti imeshaanza. Kinachokosekana ni programu iliyotajwa katika mstari huo.

2. "Permission denied". Faili imeonekana ila haina ruhusa ya kuendeshwa. Andika ls -l bei.sh. Ukiona -rw-r--r--, maana yake inasomeka na mwenyewe anaweza kuiandika, lakini herufi x ya kuendesha haipo. Dawa ni chmod u+x bei.sh. Ikiwa x ipo na bado inakataa, huenda faili iko kwenye flashi au diski iliyofungwa isiendeshe programu. Ihamishie kwenye saraka yako ya nyumbani.

3. "bad interpreter" au "required file not found". Hapa mstari wa kwanza, ambao kwa kawaida ni #!/bin/bash, una kasoro. Mara nyingi faili iliandikwa kwenye Windows, ambako kila mstari humalizika kwa alama mbili badala ya moja. Alama ya ziada haionekani kwa macho, lakini Linux huihesabu kuwa sehemu ya jina la programu. Andika cat -A bei.sh, ukiona ^M mwishoni mwa mistari, iondoe kwa sed -i 's/\r$//' bei.sh.

4. Inakubali kwa mkono, inakataa usiku. Cron, programu inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, hutafuta programu katika saraka chache kuliko wewe unapoandika mwenyewe. Ndani ya skripti taja njia kamili ya kila faili na kila programu, na matokeo pamoja na makosa yaelekezwe kwenye faili ya kumbukumbu.

Tahadhari moja ni muhimu. Mafundi wa haraka hupendekeza chmod 777. Amri hiyo inampa kila mwenye akaunti kwenye kompyuta hiyo uwezo wa kubadili skripti yako, na alichokiongeza kitatekelezwa kwa jina lako. Kwa skripti inayogusa hesabu za malipo, hiyo ni sawa na kuacha ufunguo wa kasha la fedha kaunta. Ruhusa ya mwenye faili inatosha.

Hasara kubwa zaidi hutokea pale hitilafu isipogunduliwa. Skripti ikigoma usiku, faili ya bei za jana hubaki mahali pake, na asubuhi mnunuzi huisoma akidhani ni mpya. Tofauti ya shilingi 50 kwa kilo, kwa tani 10 za mahindi, ni shilingi 500,000. Kwa hiyo, kabla ya kutoa oda, angalia tarehe na saa ya faili kwa ls -l. Kama si za leo, piga simu sokoni uulize bei, kisha ndipo urudi kwenye skripti.