Kijana Mpiga Gitari na Heshima Aliyopewa



Mara nyingi twasikia ya kuwa mtu fulani mwenye sifa, mwimbaji au mchezaji, ameitwa kwenye sherehe kubwa, akapigiwa makofi na kupewa tuzo kwa sababu amewasaidia maskini. Hapo watu hugawanyika. Wengine husema: «Huyu ni mtu mwema kweli.» Wengine husema: «Hayo ni maonyesho tu, maskini mwenyewe hakuona kitu.» Ni nani asemaye kweli? Hatuwezi kujibu kwa kuitazama sherehe peke yake. Yatupasa kutazama mambo yaliyoitangulia sherehe, tena mambo yaliyoifuata.

Basi, katika somo hili tutajifunza habari za kijana mmoja wa Uingereza, jina lake George Harrison, aliyepewa heshima ya namna hiyo mwaka 1972, alipokuwa na umri wa miaka 29. Someni polepole, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

I. TAABU YA WATU

Nchi iitwayo leo Bangladesh iko Asia, upande wa mashariki wa India. Ni nchi ya tambarare, yenye mito mikubwa mingi na watu wengi sana. Zamani hizo ilikuwa sehemu ya Pakistan, nayo iliitwa Pakistan ya Mashariki.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga kikubwa kilitoka baharini. Maji yalipanda juu ya nchi kavu, yakafunika visiwa na vijiji vya pwani. Watu waliokufa hukadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Walionusurika hawakuwa wamekauka machozi bado, na tazama, mwezi wa Machi 1971 vita vikaanza. Watu wa Mashariki walitaka kujitawala, nalo jeshi la serikali likawapiga kwa ukali. Watu kama milioni 10 walikimbia nyumba zao, wakavuka mpaka kuingia India.

Ninyi mnajua maana ya kukimbia: kubeba mtoto mgongoni na chungu kichwani, kulala chini ya mti, kunywa maji ya mtaro. Katika kambi zile kipindupindu kiliingia. Ugonjwa huo humkausha mtu maji yote ya mwili, na mtoto mdogo aweza kufa kwa siku moja. Daktari mmoja wa India, Dilip Mahalanabis, aliishiwa maji ya kutia katika mshipa kwa sindano. Ndipo akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji safi yaliyochanganywa na chumvi na sukari kwa kipimo. Watu wengi sana walipona kwa dawa hiyo nyepesi. Shikeni neno hili, kwa maana tutalihitaji mbele: penye taabu kama hiyo, msaada mdogo unaofika leo waweza kuwa bora kuliko msaada mkubwa unaofika kesho.

II. MWALIMU NA MWANAFUNZI WAKE

Palikuwa na mwanamuziki mashuhuri wa India, jina lake Ravi Shankar. Jamaa yake ilikuwa ya Wabengali, ndio watu wa lugha ile ile ya Bangladesh. Yeye alipiga sitari, chombo chenye nyuzi nyingi na shingo ndefu, ambacho kitako chake hufanywa kwa buyu kavu. Aliposikia habari za ndugu zake, moyo wake ulichomeka. Alitaka kupiga muziki mbele ya watu ili apate dola 25,000 za kuwapelekea wakimbizi.

Lakini aliona ya kuwa peke yake hataweza kukusanya mali ya kutosha. Basi akamwendea rafiki yake kijana, George Harrison, ambaye alikuwa mwanafunzi wake katika kupiga sitari tangu mwaka 1966.

Huyo Harrison alizaliwa Liverpool mwaka 1943. Hakuwa mwana wa tajiri. Baba yake alifanya kazi katika mabasi ya mji. Tangu utoto alipenda gitari, na pamoja na vijana wenzake watatu alifanya kundi la Beatles, ambalo sifa yake ilienea duniani kote. Kundi hilo lilikuwa limevunjika mwaka 1970. Kijana alikuwa na jina na mali, angeweza kumpa mwalimu wake noti kadhaa na kumwambia: «Nenda salama.»

Hakufanya hivyo. Alimsikiliza mwalimu wake, akasoma habari za vita, kisha akaanza kuwapigia simu rafiki zake wanamuziki, mmoja mmoja, akiwaomba waje wapige bila malipo. Pia alitunga wimbo juu ya nchi ile, ili watu wajue jina lake. Kazi hiyo yote ilifanyika kwa majuma machache tu.

III. SIKU YA MUZIKI

Tarehe 1 Agosti 1971, siku ya Dominika, watu walikusanyika katika jumba kubwa la Madison Square Garden, mjini New York, Marekani. Muziki ulipigwa mara mbili, mchana na usiku, na wasikilizaji wote pamoja walikuwa kama 40,000.

Ravi Shankar alitangulia, pamoja na Ali Akbar Khan na Alla Rakha, mpigaji wa ngoma. Walipokuwa wakikaza nyuzi tu, ili zilingane, watu walipiga makofi kwa nguvu, wakidhani ya kuwa wimbo umekwisha. Mzee yule aliwashukuru kwa upole, akatumaini ya kuwa wataupenda zaidi muziki wenyewe. Baadaye waliingia Harrison, Ringo Starr, Bob Dylan, Eric Clapton, Billy Preston, Leon Russell na wengine.

Mali iliyopatikana mlangoni ilikuwa dola 243,418 na senti 50. Angalieni: mwalimu alitumaini 25,000, na ilipatikana karibu mara kumi. Mali hiyo ilipewa UNICEF, chama cha Umoja wa Mataifa kinachowatunza watoto, kilichoanzishwa mwaka 1946. Wengi wenu mmekwisha kuliona jina hilo.

Zaidi ya hayo, muziki wa siku ile ulitiwa katika sahani za santuri na katika sinema, ili faida yake nayo iende kwa wenye taabu.

IV. HESHIMA

Tarehe 5 Juni 1972, UNICEF ilifanya sherehe yake ya kila mwaka ya kuwaheshimu watu waliofanya kazi njema. Hapo Harrison alipewa tuzo, pamoja na Ravi Shankar na msimamizi wa kazi zake, kwa sababu ya mali waliyoikusanyia Bangladesh. Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha, tangu tarehe 16 Desemba 1971, na nchi mpya ilikuwa imesimama.

Je, ilikuwa haki kumheshimu kijana huyo? Ndiyo. Mtu atendaye mema akisifiwa kwa kweli, wengine huona njia na kuifuata. Kijiji kisichomshukuru mchimba kisima kitakosa mchimbaji wa kisima cha pili. Lakini tuangalie: heshima ni kama kivuli cha mtu. Mtu akitembea, kivuli humfuata. Lakini anayekimbilia kivuli chake hatafika popote.

V. MALI ILIYOCHELEWA

Sasa twafika penye uchungu wa habari hii.

Mali ya mlangoni ilifika upesi. Lakini faida ya santuri na sinema, iliyo kubwa kuliko ile, haikufika upesi. Kwa nini? Je, iliibwa na Harrison? Hapana. Ilikuwa hivi: kabla ya siku ya muziki, waliosimamia kazi hawakupanga mambo na UNICEF kwa namna iliyotakiwa na sheria, ili mali ihesabiwe tangu mwanzo kuwa sadaka isiyotozwa kodi. Basi wakusanya kodi wa Marekani wakaanza kuchunguza hesabu, na mali ikazuiwa. Kama dola milioni 2 zilikuwa zimekwisha kupelekwa. Nyingine, zaidi ya milioni 8, zilikaa miaka mingi. Hata mwaka 1981 ndipo zilipotolewa. Mtoto mchanga wa kambini wa mwaka 1971 alikuwa sasa na miaka kumi, kama alikuwa bado hai.

Hata huko Uingereza serikali haikukubali kuisamehe santuri ile kodi yake. Mwaka 1973 Harrison aliandika hati ya benki ya paundi 1,000,000 kwa mali yake mwenyewe, kwa ajili ya kodi hiyo.

Fikirini jambo hili. Katika habari hii hatumwoni mwivi. Twaona watu wa moyo mwema waliofanya haraka kwa sababu ya huruma. Na haraka ile ile iliyoleta mali nyingi kwa siku moja ndiyo iliyoacha mlango mmoja bila kufungwa vema. Wahenga walisema kweli: haraka haraka haina baraka. Lakini tusiwalaumu kupita kiasi, kwa maana aliyekaa kitako akingoja mambo yote yawe tayari hakupeleka hata senti moja.

Somo hilo Harrison hakulificha. Mwaka 1985, Bob Geldof alipotayarisha muziki mwingine mkubwa kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia, Harrison alimpa mashauri ili mali ifike kwa walengwa bila kukwama. Harrison alifariki mwaka 2001. Mwaka 2005 mfuko wenye jina lake uliwekwa katika UNICEF, nao uliendeleza kazi ya kuwasaidia watoto.

VI. TUJIFUNZE NINI?

1. Toa kile ulicho nacho. Harrison hakuwa daktari wala askari wala mkubwa wa serikali. Alikuwa na gitari, jina, na rafiki. Alivitumia vyote vitatu. Wewe una jembe, au mtumbwi, au sauti ya kuimba, au baiskeli ya kumpeleka mgonjwa kwenye dispansari. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

2. Sikiliza kwanza. Kijana hakujitungia shida za watu kichwani mwake. Alimsikiliza mzee aliyewajua watu wale. Anayetaka kumsaidia mjane amwulize kwanza mjane: pengine tunamletea unga, naye akosa paa.

3. Kumbuka wasio na jina. Waliopewa tuzo ni watatu, lakini waliotoa ni wengi: wapiga ngoma, waimbaji, watengeneza taa, na watu 40,000 walionunua tiketi. Mtu wa haki akisifiwa husema: «Hatukuwa mmoja.»

4. Hesabu ni sehemu ya huruma. Wako wanaodhani ya kuwa kuandika hesabu ni kukosa imani kwa ndugu. Si kweli. Daftari safi humlinda mtunza sanduku asitukanwe bure, na humlinda maskini asingoje miaka kumi. Kabla ya kukusanya hata falanga moja, mpatane: mali itawekwa wapi, nani ataitunza, nani watashuhudia, itatolewa lini, itapewa nani.

5. Pima heshima kwa matunda. Mtu akisifiwa mbele yako, usimtukuze upesi wala usimdharau upesi. Uliza: wenye taabu walipata nini, na walipata lini?

Pengine mmoja atasema: «Lakini huyo naye alipata faida. Santuri yake ilishinda nyingine zote za Marekani katika tuzo za Grammy za mwaka 1973, na jina lake likazidi.» Ni kweli. Mara nyingi jambo jema humrudishia mtendaji faida. Haidhuru. Kosa ni kuifanya faida iwe shabaha, na maskini awe chombo cha kuipatia. Akina mama waliovuka mpaka na watoto mgongoni hawakuwa chombo cha mtu. Kwa ajili yao kazi ilianzishwa, na kwa ajili yao yafaa ihukumiwe.

MASWALI

Swali: Ni nani aliyeanza kufikiri juu ya kukusanya mali kwa ajili ya Bangladesh?
Jibu: Ni Ravi Shankar, mwanamuziki wa India, aliyetumaini kupata dola 25,000.

Swali: Harrison alifanya nini alipoombwa?
Jibu: Alisikiliza, akawaita wanamuziki wenzake wapige bila malipo, akatunga wimbo, akaitengeneza siku ya muziki ya tarehe 1 Agosti 1971.

Swali: Mali ya mlangoni ilikuwa kiasi gani, nayo ilipewa nani?
Jibu: Ilikuwa dola 243,418 na senti 50, ilipewa UNICEF.

Swali: Kwa nini mali ya santuri na sinema ilichelewa?
Jibu: Kwa sababu mambo ya sheria na kodi hayakupangwa kabla, na hesabu zikachunguzwa miaka mingi.

Swali: Je, ni vibaya kumheshimu mtu aliyesaidia maskini?
Jibu: Si vibaya, kama sifa ni ya kweli na kama inawaamsha wengine. Ni vibaya mtu akisaidia kwa ajili ya sifa tu.

KAZI YA JUMA HILI

Kusanyikeni watu watano au sita. Chagueni mtu mmoja wa kijiji chenu aliye na shida ya kweli. Mwulizeni anahitaji nini. Kisha, kabla ya kukusanya chochote, andikeni katika daftari majibu ya maneno yale matano ya fungu la 4. Msaada ukiisha kumfikia, andikeni siku na saa uliyofika, naye aliyepokea atie alama yake.