Yungiyungi kwenye Bwawa la Bustani: Mnauliza, Ninajibu

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu ua moja. Wapo waliopanda yungiyungi likagoma kuchanua, yupo aliyeuziwa kitu kingine kabisa, na yupo ndugu yetu wa Hamburg anayeogopa barafu. Ninaposema "yungiyungi sugu" nina maana ya yale yenye asili ya nchi za baridi, ambayo hayafi hata uso wa maji ukiganda. Ya kwetu nitayaita ya joto.

Nipo Njombe. Muuza miche ana ndoo mbili za mayungiyungi na hana uhakika lipi ni sugu na lipi ni la joto. Nitayatofautishaje?

Usihangaike na majani, dada. Mwambie atoe mmea kwenye ndoo, utazame chini. Yungiyungi sugu lina shina nene linalolala na kutambaa udongoni mfano wa tangawizi, lenye jicho la kuchipua kwenye ncha. La joto huota kutoka kwenye kiazi cha mviringo, na majani yote hutoka kwenye kitovu kimoja. Ukikuta limechanua, kazi ni nyepesi zaidi: maua ya sugu kwa kawaida hukaa juu ya maji, ya joto husimama kwenye kikonyo kirefu, hewani. Rangi nayo inasema. Sugu huja kwa nyeupe, njano, pinki na nyekundu, na mengine huanza na njano yakageuka rangi ya shaba. Anayekuuzia sugu la bluu mwulize mara mbili.

Kabla hujatoa pesa, bonyeza lile shina kwa kidole gumba. Liwe gumu. Likibonyea, likawa na rangi ya kahawia iliyoiva sana na harufu ya uozo, mwachie mwenyewe hata kama anakupa bure, maana uozo huo huhamia kwa mimea mingine bwawani.

Kwa Njombe, ambako Juni na Julai umande huganda, chukua sugu bila wasiwasi. Katika miezi hiyo litapunguza majani na litaonekana kama limekata tamaa. Liache. Maji yakipata joto litaamka.

Nikiwa Tanga, nipande sugu au nisihangaike?

Litaota. Lakini ukiniuliza mimi ningepanda nini Tanga, nisingefikiri mara mbili: yungiyungi la bluu la Afrika, linaloota kuanzia bonde la Nili hadi Afrika Kusini, na ambalo aina yake mojawapo wanabotania wameipa jina la Zanzibar. Lina harufu nzuri, linapenda jua la Pwani, na maji ya uvuguvugu hayaliudhi. Sugu nyingi kwenye joto la namna hiyo hutoa maua madogo na kuchoka mapema. Nunua mche kwa anayeuzalisha, usiende kung'oa kwenye vinamasi.

Kama moyo wako umeshaangukia sugu, tafuta la njano linaloitwa 'Marliacea Chromatella', lenye damu ya yungiyungi la Meksiko. Liweke kwenye kina kirefu kidogo, kwa sababu maji ya chini hayachemki mchana kama ya juu.

Hilo jina Marliacea limetoka wapi? Nimeliona kwenye vibandiko vya miche mingi.

Kwa Mfaransa Joseph Bory Latour-Marliac, aliyeanzisha kitalu chake mwaka 1875 katika kijiji cha Le Temple-sur-Lot, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Kabla yake, bwawa la Ulaya lilikuwa na yungiyungi moja sugu la kuaminika, nalo jeupe. Yeye alichanganya hilo jeupe na ya Amerika hadi akapata njano, pinki na nyekundu zinazostahimili baridi. Mwaka 1889 aliyapeleka kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris, yaleyale yaliyozindua Mnara wa Eiffel. Mchoraji Claude Monet alikuwa mteja wake, na baadaye bwawa lake la Giverny ndilo akalichora kwa miaka mingi. Wanaotamani bustani yao ionekane kama ile picha wakumbuke jambo moja: Monet alikuwa na mtunza bustani aliyepanda mtumbwi kusafisha majani. Picha hazituonyeshi ajira hiyo.

Nina bwawa la saruji la mita mbili kwa tatu, lina kina cha sentimita 60. Naomba unieleze kupanda hatua kwa hatua.

Kama saruji ni mpya, subiri kwanza. Saruji mpya hutoa chokaa. Jaza maji, yakae wiki, yamwage, urudie mara mbili au tatu. Maji ya bomba yaache siku moja au mbili klorini ipungue kabla hujaweka samaki.

Usimwage udongo bwawani. Panda kwenye chombo, na chombo kiwe kipana kuliko kirefu, kwa sababu shina la sugu hutambaa, halichimbi. Karai la fundi mwashi la plastiki, lenye upana wa sentimita 40 na kina cha 20, linafaa kuliko vyungu vya bei mbaya.

Udongo ndipo wengi wanapoharibu, tena kwa nia njema. Wanachanganya mboji, samadi, pumba za mpunga, kila kitu kizuri wanachokijua kutoka bustani ya mboga. Chini ya maji vitu hivyo huchacha, huelea, hugeuza maji kuwa supu ya kijani, na shina huoza katikati ya utajiri. Tafuta udongo mzito wenye mfinyanzi, ule unaong'ang'ania jembe baada ya mvua. Basi. Huo tu.

Lowanisha udongo, ujaze karai, uache kama sentimita tano juu. Chukua shina, kata mizizi iliyokufa na majani ya njano. Lilaze kwa mteremko, sehemu iliyokatwa iguse ukuta wa karai na jicho lielekee katikati, ili lipate nafasi ya kutembea. Fukia shina, lakini jicho libaki wazi. Nalisisitiza hili kwa sababu mkono wa mkulima umezoea kufukia kila kitu. Juu yake tandaza changarawe safi ya sentimita mbili hivi kuzuia udongo kuelea, ukizunguka jicho bila kulifunika.

Sasa shusha karai polepole, ukiliegesha juu ya matofali, maji yasizidi sentimita 15 juu ya jicho. Majani yakifika juu na kutandaza, toa tofali moja. Yakifika tena, toa jingine, hadi karai likae kwenye kina cha sentimita 35 hivi. Ukilitumbukiza chini kabisa siku ya kwanza, mche mdogo utamaliza akiba yake ya chakula kabla haujaliona jua.

Kwa ukubwa wa bwawa lako makarai mawili yanatosha, ikiwa ni mimea ya kadiri. Kila moja litatanda mita moja au zaidi. Najua yanaonekana madogo siku ya kupanda.

Mwaka wa pili huu: majani tele, ua hakuna hata moja. Nina kichemchemi cha kurusha maji katikati, kinapendeza sana.

Kinapendeza, lakini kihamishe. Jani la yungiyungi linapumua kwa upande wa juu. Vitundu vyake vya hewa viko huko, si chini kama kwenye majani mengi ya nchi kavu. Ukilinyeshea matone mchana kutwa unaliziba pua. Mmea wenyewe ni wa maji yaliyotulia. Kisukume kichemchemi pembeni kabisa, au kifungulie wageni wakija.

Halafu hesabu saa za jua. Chini ya saa sita kwa siku usitegemee maua. Mwembe uliokuwa mdogo ulipojenga bwawa huenda sasa umeshakuwa mkubwa.

Kama jua lipo na maji yametulia, basi lina njaa au limebanana. Njaa huonekana kwa majani mapya kuwa madogo na ya kijani hafifu. Vidonge vya mbolea ya mimea ya majini ukivipata, sukuma kimoja au viwili ndani ya udongo kila mwezi wakati linapokua. Usipovipata, funga kijiko kidogo cha NPK inayoyeyuka polepole ndani ya tonge la mfinyanzi, likauke, kisha lididimize kama sentimita kumi, mbali kidogo na jicho. Mbolea isinyunyizwe majini hata siku moja, na urea ndiyo kabisa, kama unawapenda samaki wako.

Kubanana nako kuna dalili yake: majani yanakosa pa kulala, yanasimama juu ya maji yakisukumana. Hapo ng'oa, osha, chukua kisu kikali, ukate vipande vya urefu wa kiganja vyenye jicho hai, uvipande upya. Sehemu ya nyuma iliyo nyeusi tupa. Kazi hii hurudiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na jirani hupata mche.

Kila asubuhi nakuta wadudu wadogo, mara nyingine hata nyuki, wamekufa ndani ya ua. Je, lina sumu?

Halina sumu. Umeona jambo ambalo wengi hupita bila kuliona. Kesho asubuhi chuchumaa, uchungulie ua lililofunguka kwa mara ya kwanza. Katikati utaona kikombe kidogo chenye majimaji yanayometa. Siku ya kwanza ua ni jike: mdudu anayetoka kwenye ua jingine na chavua mwilini hutua kwenye ncha laini za stameni, huteleza, hudondokea majimaji, na chavua huoshwa humo humo. Wengi hujinasua wakaenda zao. Wachache huzama. Siku ya pili majimaji yamekauka, stameni zimeinamia ndani na kufunika kile kikombe, na sasa ua linatoa chavua yake lenyewe. Mdudu anaingia na kutoka salama. Baada ya siku tatu au nne ua hufunga na kuzama. Likate kikonyo chini kabisa kabla halijaozea majini.

Mume wangu anasema bwawa ni kiwanda cha mbu. Nifuge perege?

Mume wako ana haki ya kuogopa. Majani hayazuii mbu. Viluwiluwi hujificha katikati ya vikonyo. Ila perege siyo jibu, maana atakula chipukizi, na kambare atafukua karai lote usiku mmoja. Weka gapi, wale vidagaa vya mikia ya rangi. Ni wadogo, wanapenya kila kona, na viluwiluwi ndio chakula chao. Bwawa likizidi gapi gawia watu, usimwage mtoni. Na ukishaweka samaki, sahau dawa za wadudu. Vidukari wakijaa juu ya majani wapige kwa maji ya mpira, samaki watamalizia.

Maji yamekuwa ya kijani kama mchicha uliosagwa. Nimeyabadilisha mara nyingi, yanarudi.

Yanarudi kwa sababu unayabadilisha. Maji mapya yanakuja na chakula kipya kwa mwani, na jua linapiga uso mtupu. Yaache. Majani yakifunika nusu hadi theluthi mbili ya uso, mwani utakosa mwanga na maji yatatakata yenyewe.

Ninaishi ghorofani Nairobi, nina kibaraza tu chenye jua. Beseni linatosha?

Linatosha, ukipata aina ndogo. Ninayoipenda ni 'Pygmaea Helvola', ya njano, nayo ni kazi ya yuleyule Latour-Marliac. Jani lake halizidi sana kiganja cha mtoto. Sentimita 15 za maji juu ya udongo zinaitosha.

Kwa kuwa umegusa udogo: yungiyungi dogo kuliko yote duniani ni jirani yetu. Liligunduliwa mwaka 1987 Mashyuza, kusini-magharibi mwa Rwanda, na Mjerumani Eberhard Fischer, likiota kwenye tope lenye uvuguvugu kando ya chemchemi ya maji moto. Jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Maji ya chemchemi yalipoelekezwa kwingine likatoweka hapo. Mwaka 2009 Carlos Magdalena wa bustani ya Kew, London, akafaulu kuliotesha alipogundua kwamba, tofauti na ndugu zake, mche wake unahitaji kugusana na hewa, si kuzamishwa. Januari 2014 mtu akaiba mche mmoja pale Kew. Mwaka 2023 likaonekana tena porini Rwanda. Dukani hulipati, na atakayekuambia analo, mkimbie.

Nipo Hamburg. Bwawa langu huganda kila Januari. Niyatoe mayungiyungi, niyaingize ndani?

Kama ni sugu, hapana. Cha muhimu ni shina lisigande. Acha kuweka mbolea Agosti ikiisha, kata majani yakinyauka, kisha shusha chombo sehemu yenye kina cha sentimita 60 au zaidi. Barafu ya juu itafanya kazi ya blanketi. Ukiwa na samaki usiivunje kwa nyundo, mtikisiko unawaumiza. Weka sufuria ya maji moto juu yake, itayeyusha tundu. Aprili rudisha chombo juu. La joto, kama unalo, hilo liingize ndani mapema.

Nimeuziwa yungiyungi la zambarau lisilohitaji udongo, linaelea lenyewe. Limezaa sana, sasa limejaa bwawa. Nauliza kama naweza kuligawa.

Usiligawe, mzee wangu. Majani yamevimba shingoni kama puto? Mizizi inaning'inia kama ndevu nyeusi? Basi hilo ni gugu maji, lililotoka Amerika Kusini na kuvamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, hadi mitumbwi ikashindwa kutoka. Litoe lote leo, pamoja na vipande vidogo, maana kipande kimoja kinatosha kuanza upya. Lianike juani, mbali na mfereji wowote, hadi likauke kabisa, kisha lifukie. Maji ya bwawa usiyafungulie kwenda mtoni, yamwagie migomba.