Mkufunzi wa Makocha: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Kocha anafundisha wachezaji. Wewe unamfundisha kocha. Kama hujaiona tofauti, usikubali kuendesha kozi.

Usitegemee medali zako. Colm O'Connell alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, bila historia yoyote ya ukocha wa riadha. Miaka mingi baadaye mwanariadha aliyemnoa, David Rudisha, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Kucheza ni kazi moja, kufundisha ni nyingine, na kumfundisha anayefundisha ni ya tatu. Wanaoteua wakufunzi kwa kuangalia nani aliwahi kuvaa jezi ya taifa waache.

Toka darasani. Zima projekta, mpe kila kocha dakika 20 uwanjani na watoto wa kweli, si makocha wenzake wenye vitambi wanaojifanya wana miaka 12.

Akianza, usiutazame mpira. Hapa wengi hupotea, maana macho yamezoea kuufuata. Mtazame kocha. Amesimama wapi? Anawaona wote, au nusu wako mgongoni mwake? Shika saa: ameongea muda gani huku watoto wakiungua na jua? Kisha chagua mtoto mmoja, yule wa mwisho kwenye foleni, uhesabu amegusa mpira mara ngapi. Ukimwambia kocha kwamba anaongea sana, atakubishia mpaka magharibi. Mwonyeshe daftari lenye robo saa ya zoezi na mtoto aliyegusa mpira mara nne, uone atabisha nini.

Usimpokonye filimbi. Akikosea mbele ya watoto, vumilia mpaka mapumziko. Ila mtoto akigongwa kichwani na kuambiwa aendelee, au akinyimwa maji kama adhabu, simamisha zoezi papo hapo. Heshima ya kocha itasubiri.

Uliza kabla ya kusema: "Ulitaka wajifunze nini leo?" Kisha nyamaza, hata kimya kikikukera. Ukifika wakati wa kurekebisha, rekebisha jambo moja, yakizidi sana mawili.

Usifundishe kwa noti zilizochakaa. Tangu 2019, mpira wa goli kiki uko mchezoni mara tu unapopigwa na kusogea. Haungoji kutoka nje ya eneo la kumi na nane. Mkufunzi asiyelijua hilo atawafunza makocha kupanga mabeki kwa sheria iliyokwishafutwa.

Usije kwa ajili ya posho. (Tunajuana.)

Mfuate kocha baada ya cheti. Nenda Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wake wa mchanga, ana mipira 3 na watoto 40, na wengine hawana viatu. Kama zoezi ulilomfundisha linataka mipira 20, usimlaumu kwa kutolitumia. Hukumuuliza ana nini. Kaeni chini ya mti mlipange upya kwa vilivyopo. Ziara moja ya namna hiyo itakufunza ukufunzi kuliko semina tatu za hotelini.

Na wewe utazamwe. Mwombe mkufunzi mwenzako akae nyuma na daftari, akuhesabie maswali uliyouliza na dakika ulizozungumza. Anayekataa kutazamwa asipewe kozi nyingine. Ukionyeshwa kwamba umehutubia dakika 50 mfululizo, usijitetee. Keti usiku huohuo uliandike upya somo la kesho.