Mtoto Mwenye Akili Nyingi na Malezi ya Moyo Wake

Mwenyezi Mungu hugawa vipaji vyake kama apendavyo. Katika nyumba moja huzaliwa mtoto ambaye hutambua herufi kabla hajafundishwa, hujumlisha bei za sokoni upesi kuliko mama yake, na kila jioni humwuliza baba yake maswali yasiyojibika kwa urahisi. Wazazi hufurahi, na ni haki yao kufurahi. Lakini furaha hiyo mara nyingi huwasahaulisha jambo kubwa: akili ya mtoto yaweza kukimbia mbele ya umri wake, bali moyo wake hutembea kwa mwendo wa miaka yake. Mtoto wa miaka 9 aweza kusoma kitabu cha kijana wa miaka 14. Lakini akidhihakiwa uwanjani atalia kama mtoto wa miaka 9, kwa kuwa ndivyo alivyo.

Kwa hiyo mtoto wa namna hii ahitaji malezi ya moyo sawasawa na wenzake, na pengine zaidi. Na tuone Islam yatufundisha nini katika jambo hili.

1. Asikilizwe, na asifanywe sababu ya wivu

Kurani Tukufu imetusimulia habari za mtoto mwenye kipaji kikubwa, naye ni Nabii Yusuf a.s. Alipoota ndoto yake alimwendea baba yake. Nabii Yakub a.s. hakumcheka wala hakumwambia kwamba yeye ni mdogo mno. Alimsikiliza, akamweleza neema ambayo Mungu angemjalia, na akamwonya asiwasimulie ndugu zake ndoto hiyo wasije wakamfanyia hila (12:5-7). Wasomaji waliolelewa katika Ukristo watakumbuka kwamba kitabu cha Mwanzo, mlango wa 37, chasimulia jinsi kanzu aliyopewa na ndoto alizozitangaza zilivyowafanya ndugu zake wamchukie. Mafundisho kwa mzazi ni wazi: kipaji cha mtoto kikuzwe nyumbani kwa utulivu, wala kisipigiwe ngoma mbele ya wenzake.

Basi yatupasa tusimwambie mtoto mmoja, "Mtazame mdogo wako, amekushinda." Neno hilo huwadhuru wote wawili: mmoja hudharaulika, na mwingine hupoteza ndugu. Bashir r.a. alipotaka kumpa mwanawe Nu'man zawadi, na kumshuhudisha Mtume Mtukufu s.a.w., aliulizwa kama watoto wake wote amewapa vivyo hivyo. Alipojibu kuwa sivyo, Mtume s.a.w. alikataa kuwa shahidi, na akaagiza uadilifu baina ya watoto. Ikiwa uadilifu ni wajibu katika zawadi ya mali, sembuse katika sifa na mapenzi!

Kusikiliza pia si kusikiliza maswali ya elimu tu. Abu Umair alikuwa mtoto mdogo aliyefiwa na kindege chake. Mtume Mtukufu s.a.w., pamoja na mizigo yote ya umma iliyokuwa mabegani mwake, alimwuliza habari za kindege kile. Mtoto mwerevu naye ana kindege chake: rafiki aliyemwacha, hofu ya giza, au mawazo juu ya kifo yaliyomjia mapema. Tukimwuliza kuhusu hesabu tu, atajifunza kuficha mengine yote.

2. Asitengwe na rika lake

Wenyeji wa nchi hii ya Mlima Meru wanajua vema maana ya rika. Kwa Waarusha mtu hakui peke yake. Hukua pamoja na rika lake, huheshimu rika lililotangulia na huongoza lile linalofuata. Kuna hekima katika desturi hiyo. Mtoto mwenye akili nyingi huvutwa kutoka katika rika lake: wenzake humwona mgeni, naye huona michezo yao haina maana. Akiachwa hivyo, atakuwa mtu wa kuzungumza na vitabu tu.

Dawa yake si kumzuia kusoma. Apewe vitabu, tena apewe na kazi pamoja na wenzake: kufagia msikiti, kuchota maji, kusafisha mfereji wa shamba la migomba, kucheza mpira hata kama huchelewa kuufikia. Katika Atfalul Ahmadiyya na Nasiratul Ahmadiyya, ambamo watoto wa miaka 7 hadi 15 hukutanishwa kwa mafundisho na michezo, asipewe kila mara kazi ya kujibu maswali. Apewe pia kazi ya kumsaidia anayechelewa kuelewa. Hapo atagundua kwamba yule anayechelewa kusoma ni mwepesi kuliko yeye katika kusamehe, au katika kumbembeleza mtoto anayelia.

Lakini tusimfunge mdomo pia. Siku moja Mtume Mtukufu s.a.w. aliwauliza masahaba ni mti gani unaofanana na Mwislamu. Abdullah bin Umar r.a. alijua moyoni kwamba ni mtende, bali aliona haya kusema kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wote. Baadaye alipomweleza baba yake, Hadhrat Umar r.a. alimwambia kwamba angependa sana lau angesema. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema. Lakini baraza lisilompa mtoto nafasi ya kusema hujipunguzia elimu lenyewe.

3. Afundishwe kushindwa

Kila mwaka vijana waliofaulu sana mtihani wa kumaliza elimu ya msingi huchaguliwa kwenda katika shule za serikali za wenye vipaji maalumu. Mojawapo ni shule ya wavulana ya Ilboru, iliyopo hapa kwetu kwenye miteremko ya Meru. Na za wasichana ni kama Kilakala ya Morogoro na Msalato ya Dodoma. Na tufikiri hali ya mtoto huyo. Katika shule ya kijijini alikuwa wa kwanza tangu darasa la kwanza. Sasa analala bwenini, mbali na mama yake, na karibu kila aliyeketi darasani alikuwa wa kwanza huko alikotoka. Mmoja wao hana budi kuwa wa mwisho. Aliyezoezwa kuamini kwamba thamani yake ni nafasi yake darasani, siku hiyo huona kwamba hana thamani tena. Mmoja huficha ripoti yake, mwingine hujitenga, na mwingine huacha hata sala akidhani kwamba Mungu amemwacha.

Msiba huu huandaliwa nyumbani, miaka mingi kabla, kwa sifa zisizo na kipimo. Kurani Tukufu, katika sura ile ile ya Yusuf, yatukumbusha kwamba juu ya kila mwenye elimu yupo mwenye kujua zaidi (12:77). Mtoto akinyweshwa neno hili mapema, kukutana na aliyemzidi hakutamvunja, bali kutamfurahisha kama apatavyo mwalimu mpya. Basi tusifu bidii yake, uvumilivu wake na ukweli wake, kuliko kusifu akili ambayo hakujipa mwenyewe. Na tumpe jambo lililo gumu kwake, ili azoee kukosea na kuanza tena hali angali karibu nasi. Tena ajue kabla ya kuondoka kwamba ripoti yoyote atakayoleta, mlango wa nyumba yake u wazi.

4. Akili isigeuzwe silaha nyumbani

Jambo hili lawahusu hasa ndugu zetu walioingia karibuni katika Jumuiya. Baba ameanza kujifunza Yassarnal Kurani akiwa na umri wa miaka 40, na mwanawe wa miaka 8 amekwisha kumpita. Asione haya. Na waketi pamoja: mtoto amfundishe baba herufi, na baba amfundishe mtoto subira. Mtoto akicheka ulimi mzito wa baba yake, aonywe kwa upole siku hiyo hiyo.

Lipo na jingine. Wengi wa ndugu hawa wana wazee Walutheri katika vijiji vya Meru. Mtoto hodari hujifunza hoja zetu juu ya kufa kwa Nabii Isa a.s., kisha huenda kumtembelea bibi yake, na mbele ya wageni humwuliza maswali mpaka bibi anyamaze. Huenda baba akajivuna. Lakini hapo hakuna tabligh iliyofanyika; bibi ameaibishwa, na mtoto ameonja utamu wa kumwangusha mkubwa. Mwenyezi Mungu ameagiza kwamba hata wazazi wanaomshurutisha mtu katika shirki, asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema duniani (31:16). Na baada yake Lukman alimwonya mwanawe asiwageuzie watu shavu kwa kiburi, na apunguze sauti yake (31:19-20). Mtoto huyo amchotee bibi maji kwanza, amsomee barua zake, amsikilize asimuliapo habari za zamani. Hoja iliyo kweli haiharibiki kwa kungoja.

5. Kipaji ni amana ya watu

Yusuf a.s. alipopata cheo Misri, maarifa yake yalilinda akiba ya nafaka kwa miaka ya njaa, na ndugu waliomtupa kisimani aliwasamehe (12:56, 93). Huo ndio utimilifu wa akili na moyo. Wameru nao wana mfano wao. Walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, walimtuma Kirilo Japhet, mtu wao aliyesoma, aende New York mwaka 1952 kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa siku ile. Lakini elimu ya mtu mmoja ilikuwa sauti ya wazee ambao wasingeweza kufika huko.

Katika Jumuiya yetu tumtazame Profesa Abdus Salam, aliyezaliwa mwaka 1926. Alipokuwa na miaka 14, mwaka 1940, alipata alama za juu kuliko wote waliomtangulia katika mtihani wa Chuo Kikuu cha Punjab. Mwaka 1946 alifika bandari ya Liverpool akitetemeka kwa baridi. Yasimuliwa kwamba Sir Muhammad Zafrulla Khan, aliyekuwa jaji, alimwona hapo, akampa koti lake zito na kumsaidia kubeba sanduku lake. Hata bingwa wa mitihani huhitaji koti, na mkono wa mkubwa asiyeona haya kubeba mzigo. Aliporudi Lahore mwaka 1951 Salam aliona uchungu wa kufanya kazi ya elimu peke yake, mbali na wenzake. Hakuufanya upweke huo kuwa manung'uniko. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia huko Trieste, Italia, ili wataalamu wa nchi maskini wapate mahali pa kukutana. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Juma hili tumemwuliza mtoto wetu nini kisichohusu masomo?
2. Ni nani rafiki yake wa rika lake, nasi twamjua?
3. Mara ya mwisho aliposhindwa, uso wetu ulimwambia nini?
4. Ni kazi gani ya utumishi aifanyayo pasipo kusifiwa?

Seyidna Masihi Aliyeahidiwa a.s. alichukia kupigwa kwa watoto, na akawafundisha wazazi kushika dua kwa ajili yao. Basi tuamke usiku tuwaombee, kila mtoto kwa jina lake. Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu, na aizidishie elimu yao huruma. Amin.